Kidokezo chenye Nyuso Mbili: Fumbo la Maneno na Sarufi ya Kiswahili

Mtu anayetega kitendawili huwa na wasikilizaji mbele yake. Husema "Kitendawili!", nao humjibu "Tega!" Wakishindwa humpa mji, naye akisha kuupokea huwafumbulia. Mtunzi wa fumbo la maneno gazetini hana baraza wala hapewi mji. Msomaji wake yu mbali, kimya, ana kalamu mkononi na visanduku vitupu mbele yake. Hata hivyo kazi ya hao wawili ni moja: kukificha kitu mahali ambapo mwenye akili anaweza kukiona.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kidokezo cha fumbo la maneno kinavyojengwa, hasa kile cha aina iliyokulia Uingereza, kisha kuchunguza hali ya kidokezo hicho kinapotungwa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kikwazo kikubwa cha mtunzi wa Kiswahili si uhaba wa msamiati, kama inavyodhaniwa aghalabu, bali ni upatanisho wa kisarufi. Na kwamba sarufi ile ile inayofunga mlango mmoja hufungua mwingine ambao Kiingereza hakina.

Asili ya mchezo

Fumbo la maneno yanayokatana kwenda kulia na kwenda chini, kama lijulikanavyo leo, lilitungwa na Arthur Wynne, mwandishi wa habari mzaliwa wa Liverpool aliyefanya kazi nchini Marekani. Fumbo lake la kwanza lilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Umbo lake lilikuwa la almasi, na vidokezo vyake vilikuwa fasili fupi fupi tu: mtunzi alitoa maana, msomaji akatafuta neno. Mwaka 1924 kampuni ya Simon and Schuster ilianza biashara yake ya uchapishaji kwa kitabu cha mafumbo ya namna hiyo, na mchezo ukaenea kwa kasi.

Ulipovuka bahari na kufika Uingereza katika miaka ya 1920, mchezo huo ulibadili tabia. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga mafumbo katika gazeti la The Observer. Huyu alikuwa mshairi na mfasiri. Ndiye aliyeyatia katika Kiingereza, kutoka Kifaransa cha J. C. Mardrus, masimulizi ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayajua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Katika mafumbo alijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyesifika kwa ukatili, na wasomaji wake waliona kwamba jina lilimfaa. Gazeti la The Times nalo lilianza kuchapisha fumbo lake tarehe 1 Februari 1930. Mathers alipofariki mwaka 1939, nafasi yake ilishikwa na Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kiyunani, ambaye alijiita Ximenes. Mwaka 1966 Macnutt alitoa kitabu kuhusu sanaa hii, na humo akatetea kanuni za haki baina ya mtunzi na mfumbuzi. Kanuni hizo ndizo zinazohusu makala haya.

Sehemu mbili za kidokezo

Kidokezo cha Kiingereza cha aina hii huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni fasili ya jibu. Ya pili ni mchezo wa maneno unaoonyesha jinsi jibu linavyoundwa: kwa kuunganisha vipande, kwa kupangua herufi, kwa kulificha neno ndani ya maneno mengine, au kwa kutumia maana ya pili. Zaidi ya sehemu hizo mbili kisiwepo kitu kingine, isipokuwa kiungo kidogo cha kuzishikamanisha. Sehemu hizo husomeka pamoja kama sentensi moja yenye maana nyingine kabisa, na maana hiyo ya juu juu ndiyo mtego wenyewe.

Mfano wa Kiswahili utabainisha jambo hili. Nambari iliyo katika mabano ni idadi ya herufi za jibu.

Bara na bara huunganishwa na njia hii (8).

Msomaji wa haraka huwaza safari ya mbali kutoka bara moja hadi jingine. Mfumbuzi hupuuza safari hiyo. Huchukua "bara" na "bara", akayaunganisha kama alivyoambiwa, akapata BARABARA; kisha hulipima jibu lake kwa maneno "njia hii", akaona kwamba linakubali. Njia mbili zimemfikisha mahali pamoja, naye hana shaka tena.

Chombo cha chakula kimo ndani: mwenye pesa hanipi (6).

Hapa sentensi inalalamikia uchoyo wa tajiri. Lakini maneno "kimo ndani" ni agizo. Akichungulia ndani ya "mwenye pesa hanipi", mfumbuzi ataona kwamba silabi ya mwisho ya "pesa" ikifuatwa na herufi nne za kwanza za "hanipi" hutoa neno SAHANI.

Katika mifano yote miwili mtunzi amempotosha msomaji, bali hakumdanganya. Kila neno lililoandikwa ni la kweli likisomwa ipasavyo. Hiyo ndiyo kanuni kuu ya haki iliyopiganiwa na Macnutt: mfumbuzi akisha kulipata jibu, na arudi katika kidokezo akiri kwamba alikuwa ameambiwa yote tangu mwanzo. Kidokezo kisichompa nafasi ya kukiri hivyo si kigumu, ni kibovu.

Pale upatanisho unapofichua siri

Kiingereza kinafaa mno kwa mchezo huu kwa sababu ya upungufu wake wa viambishi. Neno moja laweza kuwa nomino au kitenzi bila kubadili umbo, na kivumishi hakibadiliki kwa ajili ya nomino. Watunzi wa Kiingereza, kwa mfano, wamezoea kulitumia neno "flower", ambalo kila mtu hulisoma kuwa ua, kwa maana ya kitu kinachotiririka, yaani mto. Hakuna neno jirani linaloweza kuwaumbua.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno yenye umbo moja na maana nyingi. Kaa ni mnyama wa pwani, ni kipande cha mkaa, tena ni kitenzi. Paa ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, tena ni kwenda angani. Ua ni la bustani, ni uzio, tena ni kutoa roho. Mbuzi hula majani, na mbuzi hukuna nazi. Tembo ni ndovu, na tembo ni kinywaji kinachogemwa mnazini. Kwa kutazama orodha hii mtu angedhani kwamba mtunzi wa Kiswahili hana la kutafuta.

Matatizo huanza pale neno linapopata jirani. Mtu akisema "kaa mwekundu", kaa la moto limekwisha kutoweka. Akisema "kaa jekundu", aliyetoweka ni mnyama. "Paa wa" hukimbia porini na "paa la" huezekwa. "Mbuzi amevunjika" na "mbuzi imevunjika" ni habari mbili tofauti: ya kwanza humhusu mganga wa mifugo, ya pili humhusu fundi. Ngeli, ambazo ni nguzo ya sarufi ya Kiswahili, hufanya kazi ya mpambe anayemfunua bibi arusi kabla ya wakati.

Mtunzi asiyelitambua jambo hili huangukia katika mojawapo ya makosa mawili. Ama huandika kidokezo ambacho siri yake imekwisha kufichuliwa na kiambishi, ama huvunja sarufi ili kuilinda siri. Kidokezo kifuatacho ni cha kosa la pili:

Kinywaji chenye mkonga (5).

Jibu lililokusudiwa ni TEMBO, lenye fasili mbili: kinywaji, na mwenye mkonga. Lakini neno "chenye" limepatanishwa na kinywaji, na hakuna kinywaji chenye mkonga. Maneno "chenye mkonga" yakitengwa, kama mchezo unavyodai, hayamwelezi ndovu hata kidogo. Mtunzi hapa amesema uongo kwa kiambishi kimoja.

Yafaa kukumbuka kwamba kitendawili cha jadi hakina shida hii. Anayetega "Nyumba yangu haina mlango" hupatanisha kitenzi na nyumba, ilhali jibu ni yai. Wala hakuna msikilizaji anayelalamika. Sababu ni kwamba kitendawili ni sitiari. Nyumba ni kinyago kilichovaliwa na yai, na kinyago kina haki ya kuwa na ngeli yake. Msikilizaji haambiwi ayatenge maneno na kuyasoma upya. Huambiwa atafute kitu kinachofanana na picha aliyopewa. Kidokezo cha fumbo la maneno hakimpi mtu picha. Humpa maneno yale yale ayasome mara mbili. Ndiyo maana upatanisho, ambao katika kitendawili ni pambo la kinyago, katika kidokezo huwa ni shahidi.

Mahali sarufi inapokaa kimya

Je, basi, mtunzi wa Kiswahili akate tamaa? La. Yapo maeneo kadhaa katika sarufi ambapo upatanisho hauna sauti, na hayo ndiyo makazi ya kidokezo cha Kiswahili.

La kwanza ni kiambishi cha mazoea, hu-, ambacho hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Akitumia hu-, mtunzi hahitaji kusema mtendaji ni nani:

Mnyama hukuna nazi (5).

Mnyama hulevya (5).

Majibu ni MBUZI na TEMBO. Katika kila kidokezo kuna fasili mbili zilizowekwa bega kwa bega: jina la kundi, kisha kazi. Zikisomwa pamoja hutoa kichekesho. Zikitengwa, kila moja ni kweli. Tembo aliyeshindikana kwa "chenye" amewezekana kwa hu-.

La pili ni mahali. Viambishi na maneno ya mahali hayajali ngeli ya kitu kilichopo hapo. "Kaa motoni" yaweza kuwa habari ya mkaa, habari ya mpishi wa samaki, au amri ya mtu mkali. Kwa njia hiyo hiyo hupatikana kidokezo hiki:

Mnyama juu ya nyumba (3).

Jibu ni PAA: mnyama kwa upande mmoja, na kilicho juu ya nyumba kwa upande mwingine.

La tatu ni vivumishi visivyopokea viambishi, ambavyo vingi vyake asili yake ni Kiarabu: safi, bora, hodari, ghali, kamili, laini. "Mbuzi mzuri" humaliza ubishi, lakini "mbuzi bora jikoni" huuacha wazi. Maneno yaliyokopwa, ambayo mara nyingi hutazamwa kama wageni wasiojua adabu ya ngeli, hapa huwa na manufaa kwa sababu ya ugeni wao huo.

La nne ni kitenzi cha amri, kwa kuwa umbo lake ni shina tupu. Kidokezo "Hitaji uchafu (4)" hutoa TAKA, na "Kwea, tia mbegu ardhini (5)" hutoa PANDA. La tano ni viunganishi na vihusishi. Chukua kidokezo hiki:

Hadi mwisho wa nchi (5).

Jibu ni MPAKA. "Hadi" ni mpaka, na "mwisho wa nchi" ni mpaka. Upatanisho upo, kwa maana "wa" ni wa mwisho, lakini umefungiwa ndani ya fasili moja na hauvuki kwenda kuiumbua nyingine. Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo mtunzi wa Kiswahili anaweza kuifuata kwa usalama: upatanisho na ubaki ndani ya sehemu yake ya kidokezo, usiuruke mpaka ulio baina ya fasili na mchezo.

Herufi, silabi na kinyume

Tofauti ya pili kati ya lugha hizi mbili imo katika umbo la maneno. Watunzi wa Kiingereza hupenda kulisoma neno kutoka mwisho hadi mwanzo, herufi kwa herufi, ili kupata neno jingine. Katika Kiswahili njia hiyo karibu imefungwa. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, ukiacha machache ya mkopo kama salaam; na mengi huanza kwa konsonanti. Neno la namna hiyo likipinduliwa herufi kwa herufi litaishia kwa konsonanti, na hivyo halitakuwa neno la Kiswahili.

Lakini wenyeji wa pwani wana mchezo wao wa kugeuza maneno, nao ni kinyume. Katika kinyume silabi ya mwisho huhamishwa ikawekwa mwanzo, hata kitabu kikawa "bukita", na asiyezoea hashiki lolote. Kipimo hapa ni silabi, si herufi, na Kiswahili huitikia kipimo hicho kwa ukarimu:

Lima kinyume upate utajiri (4).

Tema kinyume kilichomo kinywani (4).

Silabi za "lima" zikigeuzwa hutoa MALI, na za "tema" hutoa MATE. Kwa njia hiyo hiyo "choma" huwa macho. Neno "kinyume" ni agizo linaloeleweka bila mafunzo, kwa kuwa mchezo wenyewe ulikuwapo midomoni mwa watu kabla ya magazeti.

Silabi zina matokeo mengine katika mpangilio wa visanduku. Katika mafumbo mengi ya Uingereza neno hukatwa na maneno mengine katika kila kisanduku cha pili. Kwa kuwa katika maneno mengi ya Kiswahili konsonanti na irabu hupokezana, neno lenye herufi sita laweza kumpa mfumbuzi konsonanti tatu bila irabu, au irabu tatu bila konsonanti. Mtu aliyepata K, T na B katika kisanduku cha kwanza, cha tatu na cha tano angali na kitabu, katiba, katibu na kutubu mbele yake. Matatu ya kwanza ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Aliyepata I, A na U katika kisanduku cha pili, cha nne na cha sita anaweza kujaza kitabu, kikapu au hijabu. Isitoshe, herufi ya mwisho haimsaidii sana, kwa maana vitenzi vyote vya asili ya Kibantu huishia kwa a katika umbo la kawaida.

Yamkini suluhisho ni kukipa kila kisanduku silabi nzima badala ya herufi moja. Jambo hili si geni duniani: mafumbo ya Kijapani hujazwa kwa maandishi ya kana, ambayo kila alama yake huwakilisha sauti ya silabi. Neno kitabu likijaza visanduku vitatu, KI, TA na BU, kila mkato utampa mfumbuzi habari kamili, na kinyume kitakuwa na uwanja wake halali.

Jicho na sikio

Jambo la mwisho linahusu matamshi. Kiingereza kina maneno mengi yanayotamkwa sawa na kuandikwa mbalimbali, na watunzi wake huyatumia sana. Tahajia ya Kiswahili inayafuata matamshi kwa ukaribu, hata njia hiyo haina mengi ya kutoa. Kinyume chake ndicho kinachopatikana: maneno yanayoandikwa sawa na kutamkwa mbalimbali. Neno barabara likiwekewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia. Likiwekewa mkazo katika silabi ya tatu kutoka mwisho lina maana ya sawasawa. Hivyo kidokezo "Njia sawasawa (8)" kina fasili mbili za jibu moja, lakini aliyelisema jibu kwa sauti amekwisha kuchagua upande.

Mfano wa Kimvita unaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Wenyeji wa Mombasa hulitamka paa la maana ya mnyama kwa mpumuo, yaani kwa kusukuma pumzi baada ya p, na paa la nyumba bila mpumuo. Ndivyo ilivyo kwa kaa wa pwani na kaa la moto. Kwao haya si maneno mamoja yenye maana mbili; ni maneno mbalimbali. Maandishi sanifu, yaliyopata msimamo wake baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930, hayaonyeshi mpumuo. Kwa hiyo kidokezo cha "mnyama juu ya nyumba" ni halali kwenye karatasi, ilhali kikitegwa barazani Mombasa mtegaji angejifichua kwa pumzi yake mwenyewe. Kitendawili ni mali ya sikio, na fumbo la maneno ni mali ya jicho. Tahajia, ambayo wengi huiona kuwa nakala tu ya usemi, imezalisha uwezekano ambao usemi haukuwa nao.

Hitimisho

Kufumba na kufumbua si sanaa ngeni kwa Waswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa bingwa wa mafumbo wakati wa uhasama baina ya Wamazrui na Sayyid Said, na siku hizo neno la fumbo lilikuwa na uzito wa silaha. Kilicho kigeni ni visanduku na kanuni zake, navyo vyaweza kukopwa kama vilivyokopwa vitu vingine, mradi kukopa kusiwe kunakili.

Mtunzi anayefasiri mbinu za Kiingereza moja kwa moja atashindwa, kisha atailaumu lugha. Na mwanafunzi anayemsikia ataichukua hukumu hiyo hadi kwenye hisabati, sheria na falsafa, akiamini kwamba Kiswahili hakina nafasi ya mawazo yanayohitaji ukali wa akili. Ukweli ni kwamba kila lugha huficha pale inapoweza kuficha. Kiingereza huficha katika uchache wa viambishi vyake. Kiswahili huficha katika hu-, katika mahali, katika shina tupu la amri, katika kivumishi kisichopatana, na katika silabi zinazogeuka. Anayetaka kutunga kidokezo cha haki hana budi kuijua sarufi hadi pale inaponyamaza, na mwalimu angekuwa na shida kupata zoezi bora kuliko hilo la kufundishia ngeli.

Kimebaki kidokezo kimoja kwa msomaji: Fika kinyume kwa kifaa cha mwenye mtumbwi (4). Jibu lake halitolewi hapa. Atakayeshindwa na atoe mji.